Kisima Hakiotishi Nyasi

Ukame ukipiga kaskazini mwa Kenya, kauli huwa moja, nayo huwahi kufika kabla ya malori ya unga. Utaisikia kwa mtangazaji wa redio, kwa mbunge, kwa mfadhili, na kwa shemeji yako wa Nyeri ambaye hajawahi kuvuka Isiolo. Kwamba watu wa Marsabit wanateseka kwa mambo mawili: maji ni machache mno na kondoo ni wengi mno. Basi dawa nayo ni mbili: wachimbiwe visima, wapunguze mifugo. Wakipata maji karibu na kondoo wachache walionona, watatulia mahali pamoja, watoto watakaa shuleni, na sisi wengine tutapumzika kuchangishwa kwa simu kila mizoga inapoonyeshwa kwenye televisheni.

Kauli hiyo inastahili kutendewa haki kwanza, maana haisemwi na wajinga. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila Mkenya haki ya maji safi, salama na ya kutosha, na mama anayeamka alfajiri kumswaga punda akajaze mitungi ya lita 20 hajaionja haki hiyo. Ni kweli pia kwamba ukizunguka vituo vya nyikani utakuta ardhi iliyolambwa hadi mawe. Na ni kweli kwamba kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa nchini. Aliyeona hayo akasema "chimbeni" hana kosa la moyo.

Wala sina ugomvi na bomba la zahanati au la shule. Mama apewe maji leo, mlangoni kwake. Ugomvi wangu ni na kisima cha mashine: kile kirefu chenye pampu, kinachochomekwa katikati ya malisho kwa ajili ya mifugo, kikazinduliwa na mheshimiwa kwa utepe na hotuba, kisha kikaachwa kitoe maji mwaka mzima kwa yeyote atakayefika. Hicho ndicho kinachoitwa maendeleo, na hicho ndicho kinachomaliza kondoo.

Tuione nchi yenyewe kwanza. Mlima Marsabit ni volkano iliyozimika, umeinuka hadi mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na pande zote umezungukwa na nyika kavu. Juu yake kuna msitu unaoishi kwa ukungu: ukungu hupanda usiku, hunaswa na majani na ndevu za miti, ukadondoka tone kwa tone hadi udongoni. Hakuna mto wa kudumu utokao humo. Ipo chemchemi ya Bakuli, yapo maziwa ya kreta, basi. Ukiteremka magharibi unafika Chalbi, tambarare ya chumvi inayometameta adhuhuri hadi ngamia waonekane wanaogelea. Kusini-magharibi ni Kaisut. Kaskazini ni Dida Galgalu, mawe meusi ya volkano yaliyotapakaa hadi macho yachoke. Mbali zaidi, karibu na Ziwa Turkana, umesimama Mlima Kulal, mrefu kuliko Marsabit. Nchi hiyo Warendile, Wagabra, Waborana na Wasamburu wameilishia kondoo kwa vizazi vingi, na kauli ninayoipinga inataka tuamini kwamba muda wote huo walikuwa wakingoja mtu wa kuwaambia maji yako wapi.

1. Kwamba mnyama hufa kwa kiu

Hili ndilo shina la kauli nzima, na ndilo lililooza kuliko yote. Mizoga huonekana wapi wakati wa ukame? Kamera zimekwisha kutujibu bila kukusudia. Huonekana kando ya visima. Mnyama aliyekufa hatua chache kutoka kwenye hori lenye maji hakufa kwa kukosa maji.

Kondoo wa nyikani wakati wa kiangazi hunywa kila baada ya siku 3 hadi 5. Ngamia hukaa siku 10 na zaidi. Katikati ya siku hizo mchungaji huwapeleka penye nyasi, kisha huwarudisha kisimani. Kadiri nyasi za karibu zinavyokwisha, ndivyo safari inavyorefuka, hadi ifike siku ambapo kondoo anatumia mwilini nguvu nyingi kuifuata nyasi kuliko anazopata kwa kuila. Kuanzia siku hiyo anajila mwenyewe: kwanza mafuta ya kiunoni, halafu nyama, halafu mimba. Muda wote huo maji yapo. Kumwongezea maji mnyama huyo ni sawa na kumpelekea mgonjwa wa njaa bilauri ya pili.

Waulize wachungaji ni lini hasa kondoo hufa kwa wingi. Wengi watakuambia ni siku mvua inaponyesha. Kundi lililokonda hadi mbavu hukutwa na usiku mmoja wa mvua baridi, asubuhi wanyama wamelala wamekakamaa juu ya udongo uliolowa. Wamekufa maji yakiwa yamejaa kila shimo. Sijaona kauli ya "chimbeni visima" ikijibu hilo, wala sitarajii.

Kama huamini wachungaji, waamini wenye bima, watu wasio na huruma wala ushairi. Januari 2010 ilizinduliwa Marsabit bima ya mifugo iliyobuniwa na watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao yake Nairobi, pamoja na washirika wao. Ili wajue lini wamlipe mfugaji, hawakuweka vipimo visimani. Walitumia picha za setilaiti zinazopima ukijani wa ardhi. Ukijani ukipungua kupita kiwango fulani, fidia inatoka. Maana yake, pesa zilipowekwa mezani na kosa likawa na gharama, wataalamu waliweka dau kwenye nyasi. (Setilaiti nayo ina upofu wake: kwake kijani ni kijani, hata kikiwa cha mti wa mathenge unaoharibu malisho. Lakini hiyo ni kesi nyingine.)

2. Kwamba nyika isiyo na maji ni nyika ya bure

Hapa ndipo penye gharama iliyofichwa kuliko zote, na nitakaa hapa kidogo.

Mtu wa mjini akitazama tambarare yenye nyasi kavu lakini isiyo na kisima, huona upungufu. Mgabra huona akiba. Malisho hayo yamepona kwa sababu hayana maji ya kudumu. Mvua ikinyesha, vidimbwi hujaa, makundi yanaingia, yanakula wiki kadhaa. Vidimbwi vikikauka makundi hayana budi kuondoka. Nyasi zinabaki na mizizi, mbegu zinadondoka, ardhi inapumzika. Hakuna askari wa malisho, hakuna faini, hakuna ua. Ukosefu wa maji ndio askari, na askari huyo hapokei rushwa.

Sasa njoo na mtambo wa kuchimba. Umemfukuza askari. Makundi yaliyokuwa yakikaa wiki sita yanakaa miezi kumi na miwili. Mwaka wa kwanza kila mtu anakushukuru. Mwaka wa pili nyasi ziko mbali kidogo. Baadaye kisima kimezungukwa na duara la vumbi, na duara hilo halirudi nyuma, linapanuka.

Wala si jambo la kubuni kwenye makala. Korr na Kargi, katika nchi ya Warendile, zilikua haraka miaka ya 1970 kuzunguka misheni, visima na chakula cha msaada. Mwaka 1976 UNESCO ilianzisha huko mradi mkubwa wa kuchunguza kuenea kwa jangwa, uliojulikana kwa kifupi kama IPAL, ukiongozwa kwa muda na Hugh Lamprey. Walichokuta ni ardhi iliyovuliwa nguo kuzunguka vituo hivyo, wakati malisho ya mbali yalikuwa yamebaki bila kuliwa. Hata miti ilikuwa imeisha, kwa sababu kila familia inahitaji matawi ya migunga kwa boma la miiba, na maelfu wakikaa mahali pamoja kila mwaka hutafuta matawi mapya hapo hapo. Mtu akauita uharibifu huo "mifugo kuzidi". Wanyama walikuwa wengi mahali pamoja na hawapo kabisa mahali pengine. Aliyewakusanya ni nani?

Na kabla ya Warendile kulaumiwa kwa hayo, wakoloni walishalifanya jaribio lenyewe. Miaka ya 1940 mwanajiolojia Frank Dixey aliipangia Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini mpango wa mabwawa na visima, kwa matumaini yale yale: tawanya maji, mifugo itatawanyika. Maji yalitawanyika. Mifugo ikayafuata, ikakaa. Miaka themanini baadaye tunatoa zabuni ya mpango uleule, tukibadilisha nembo tu kwenye mlango wa gari.

Kuna gharama nyingine, ya kisheria. Mkishakubaliana kwamba ardhi isiyo na maji ni ardhi ya bure, hatua ya pili ni kwamba ni ardhi ya kugawa. Waraka wa Bunge Namba 10 wa 1965, ule wa Ujamaa wa Kiafrika, ulisema wazi kwamba pesa za maendeleo zielekezwe kwenye maeneo yenye rutuba na mvua, yatakayozalisha haraka. Sehemu kavu, ambazo ni zaidi ya asilimia 80 ya nchi, zikasubiri makombo. Watoto wa fikra hiyo bado wazima. Ekari 150,000 pande za Mlima Kulal na Sarima zilikodishiwa mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilitolewa kinyume cha sheria, wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Ramani ilionyesha mahali patupu. Kumbe palikuwa malisho ya watu, yasiyo na kisima.

3. Kwamba maji ya wote hayana mwenyewe

Mjuaji mwingine atasema: hayo yote yanatokea kwa sababu mfugaji hana nidhamu, penye mali ya shirika kila mtu huchota mpaka iishe. Ni nadharia nzuri. Kasoro yake ni kwamba iliandikwa na watu wasiowahi kusimama kwenye kisima cha Waborana.

Visima vya tula, katika nyanda za Borana ng'ambo ya mpaka wa Ethiopia, ni vya zamani sana na vingine vina kina cha hadi mita 30. Mifugo huteremka kwa njia iliyochimbwa kama mfereji mpana hadi kwenye hori la udongo. Ndani ya shimo wanaume husimama kwenye ngazi, mmoja juu ya mwingine, wakirushiana ndoo: iliyojaa ikipanda, tupu ikishuka, wakiimba ili mikono isipishane. Zamani ndoo zilikuwa za ngozi. Leo ni mitungi ya plastiki iliyokatwa. Wimbo ukikatika, maji yanakatika.

Kisima kina ukoo unaokishika, kina baraza linaloitwa kora eela, na kina aba herega, baba wa zamu. Jioni huyo ndiye anayejua kesho kundi la nani litakunywa kwanza na la nani litafuata. Mgeni hanyimwi, lakini haji tu: anaomba, anapangiwa siku, anajulikana ametoka wapi na anakwenda wapi. Aliyevunja zamu hulipa kwa mifugo. Na kazi yenyewe ni kipimo. Huwezi kuleta kondoo 500 kama huna watu wa kutosha wa kuingia shimoni, kwa hiyo hata kabla ya aba herega kufungua kinywa, misuli imeshakuambia usizidishe.

Linganisha na kisima cha mashine. Kilichimbwa na mkandarasi kutoka mbali, kwa pesa za mfuko fulani, mahali alipopachagua mwanasiasa kwa kuhesabu kura. Kina kamati ya maji, mwenyekiti, mweka hazina na muhuri. Ada ni shilingi kadhaa kwa kila mnyama, na mwenye shilingi ndiye mwenye haki, awe mwenyeji au tajiri wa mbali aliyeleta makundi kwa lori. Hakuna aombaye, hakuna apangaye. Wanaotuambia malisho ya pamoja hayana sheria ndio walioleta maji pekee yasiyo na sheria katika nchi nzima.

Zamani walau kulikuwa na dizeli. Jenereta ikifa, au mweka hazina akitoweka na pesa za mafuta, kisima kilinyamaza miezi miwili na majani yakapata nafasi ya kuvuta pumzi. Ubadhirifu wa kamati ulikuwa ndio usimamizi wa malisho. Sasa tumeweka paneli za sola. Jua la Marsabit haliibiwi wala haliishi. Pampu inavuta asubuhi hadi jioni, mwaka mzima, na duara la vumbi linapanuka kwa nishati safi.

4. Kwamba kondoo ni wengi mno

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu hesabu yake ni ya darasa la nne. Tuseme ukame mkali unaua wanyama 6 katika kila 10. Mwenye kondoo 100 anabaki na 40. Baada ya misimu miwili mizuri amesimama tena. Mwenye kondoo 30 walionona, aliyesikiliza ushauri, anabaki na 12. Atakula wangapi, atauza wangapi kwa karo, atabakiza wangapi wa kuzaa? Huyo ndiye unayemkuta mjini akibeba mawe ya ujenzi. Kundi kubwa ni bima ya nchi isiyo na bima nyingine. Kumwambia apunguze bila kumpa kinga badala yake ni kumwambia aufunge mlango wa nyuma huku moto ukiingia wa mbele.

Halafu kuna biashara ya mbegu bora. Tunaambiwa kondoo wa kienyeji hana faida, tulete Dorper. Dorper alizalishwa Afrika Kusini katika karne iliyopita kwa kuchanganya Dorset Horn wa Uingereza na kondoo wa kichwa cheusi aitwaye huko wa Kiajemi, ambaye asili yake ni pembe hii hii ya Afrika, kwa Wasomali. Kwa hiyo nusu ya damu ya huyo mkombozi ilitoka kwetu, ikaenda Afrika Kusini, ikarudi na bei mpya. Faida yake ni kilo, na kilo ni kweli anazo. Lakini nchini Kenya imeshuhudiwa wafugaji wakimchanganya ovyo na kondoo mwekundu wa Kimasai, ambaye watafiti wa ILRI wamethibitisha anastahimili minyoo vizuri kumshinda Dorper, hadi kumpata mwekundu safi kukawa kazi. Tumeuza kinga tukanunua uzito. Uzito huo hauna budi kulishwa, na nyasi, kama tulivyoona, zimekwisha kumalizwa na kisima.

Eti kondoo wa kichwa cheusi hana soko. Waarabu wa Saudia hawajasikia habari hiyo. Kwa miongo mingi wamekuwa wakimnunua kwa meli nzima nzima kupitia Berbera msimu wa Hijja.

5. Kwamba wakitulia watapona

Miaka ya 1990 Elliot Fratkin, Martha Nathan na Eric Roth walifuatilia watoto wa Kirendile wa jamii kadhaa za Marsabit, wengine waliotulia vijijini na wengine waliokuwa bado wakihama na ngamia. Waliokuwa wakihama walikunywa maziwa takriban mara 3 ya wenzao na walikuwa na utapiamlo mdogo zaidi, hata katika miezi ya ukame. Kijijini kulikuwa na faida zake, chanjo na shule zikiwemo, na watafiti hao hawakuzificha. Lakini maziwa hayakuwemo. Ng'ombe na ngamia walikuwa wameenda fora, makambi ya mbali ya vijana, kwa sababu karibu na kijiji hapakuwa na kitu cha kula. Mtoto alibaki na uji na chai.

Watu wenyewe walitulia wapi? Wengi walipanda mlimani. Baada ya ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1970, mashamba yalifunguliwa kwenye miteremko ya Marsabit, Songa ikiwa mojawapo, kwa familia zilizopoteza mifugo. Ulikuwa ukarimu, na familia nyingi zimeishi kwa mboga za huko. Ila mlima ulikuwa na kazi nyingine: ndio uliokuwa kimbilio la mifugo tambarare ilipokauka kabisa. Pakiwa shamba, kundi halina pa kupanda, linabaki bondeni mwaka mzima. Mji nao unakua, unahitaji kuni na makaa, na msitu unaonasa ukungu ndio ulio karibu. Kwa hiyo tunachimba maji kule chini kusiko na watu wa kudumu, huku tukiukata mti unaotengeneza maji huku juu waliko.

Mji wa Marsabit, makao makuu ya kaunti kubwa kuliko zote kwa eneo nchini Kenya, bado unauziwa maji kwa mitungi na kwa maboza. Bwawa la Badasa, lililotarajiwa kumaliza shida hiyo, lilianza kujengwa 2009, likala mabilioni ya shilingi, likakwama. Tulishindwa kuwapa maji watu waliotulia, ndiyo sababu tukaenda kuwapa waliokuwa wakihama ili nao watulie.

6. Kwamba maji yapo, ni kuchimba tu

Septemba 2013 serikali na UNESCO walitangaza kwamba chini ya Lotikipi, upande wa Turkana, kumegunduliwa hifadhi ya maji ya mita za ujazo zipatazo bilioni 200. Magazeti yalishangilia. Nchi nzima ingekunywa kwa miaka 70, tuliambiwa, na jangwa lingegeuka shamba. Baadaye walichimba wakayapima, wakakuta maji ya Lotikipi yana chumvi kupita kiasi. Habari ya kwanza ilikuwa ukurasa wa mbele. Ya pili uliisoma wapi?

Basi tufanye nini, nitaulizwa, na ni swali la haki. Jibu halihitaji kubuniwa. Isiolo, pande za Merti na Garba Tula, mabaraza ya dedha ya Waborana yamefufuliwa na kushirikishwa na kaunti katika kuamua pesa za tabianchi ziende wapi. Wazee wa dedha wanagawa malisho ya masika, ya kiangazi na ya ukame mkali, na kisima kilichomo kwenye malisho ya ukame kinakaa kimefungwa mpaka siku ya shida. Wazee hao wanajua kisima gani kifungwe. Tatizo lao ni kwamba hakuna bajeti ya kufunga, na hakuna mheshimiwa anayekata utepe kwa heshima ya pampu iliyozimwa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ingewapa hati na nguvu ya kumzuia mchimbaji mlangoni, lakini sehemu kubwa ya nyika ya Marsabit bado haijasajiliwa chini yake, na kila mwaka unaopita bila usajili mtambo mwingine unaingia bila kubisha hodi.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Magari ya kuchimba yatapanda tena barabara ya Isiolo hadi Moyale, ambayo siku hizi ni lami tupu, na Kargi itaitishwa mkutano chini ya mgunga uliobaki. Wenye kondoo wamwulize mgombea ufunguo wa kisima chake atakaa nao nani, kitafungwa mwezi gani, na kama kabla ya kupima maji ya pale kuna mtu aliyepima nyasi. Akijibu kwamba hayo yatashughulikiwa na kamati, arudi na gari lake.